Delhi ya Kale, Saa Mbili Asubuhi

Saa mbili asubuhi mtaa wa Chandni Chowk, katikati ya Delhi ya Kale, bado haujaamka vizuri. Milango ya chuma ya maduka imeshushwa, wafagiaji wanakusanya makaratasi ya jana, na muuza chai anakoroga sufuria yake bila haraka. Mtoto akichomoka mkononi, anaonekana. Ikifika saa sita mchana mtaa huohuo umefurika wapagazi wenye mizigo kichwani, mikokoteni, riksho za baiskeli zinazopishana kwa unene wa kidole, wanunuzi wa vitambaa vya harusi, na watalii waliosimama katikati ya njia wakihangaika na ramani kwenye simu. Anayeijua Kariakoo mkesha wa Idi ana picha ya kuanzia. Familia nyingi zinazorudi nyumbani zikiilaani Delhi ziliingia mjini saa hiyo ya mchana, matumbo matupu, na orodha ya vivutio saba mkononi.

Kwa Waswahili, Delhi si mji wa watalii peke yao. Wagonjwa kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wamekuwa wakipelekwa hospitali za huko na za miji jirani ya Gurugram na Noida kwa matibabu ya moyo, figo, saratani na mifupa. Mgonjwa huja na msindikizaji, na pengine mtoto asiye na wa kuachiwa. Halafu inafika ile wiki ya kungoja: operesheni imepita salama, daktari anataka kumwona mgonjwa mara moja zaidi kabla hajamruhusu kupanda ndege, na wengine wamekaa kwenye chumba cha kupanga wakitazama tamthilia za Kihindi wasizozielewa. Hapo siku moja ya kutoka ina thamani kubwa. Mgonjwa mwenyewe, ikiwa mshono haujapona, abaki nyumbani na mtu wa kumtazama. Riksho inayoruka mashimo haimfai mtu aliyefunguliwa kifua majuzi, hata akisema anajisikia vizuri.

Kosa linalojirudia ni kutaka kumaliza mji. Delhi ina magofu na makaburi ya tawala zilizopokezana kwa karne nyingi, nayo yametapakaa. Mnara wa Qutb uko yapata kilomita 15 kusini mwa mji wa kale, na foleni ya magari haijali kwamba mtoto anataka kwenda haja. Familia yenye mtoto wa miaka sita na bibi wa miaka sabini iweke sehemu mbili tu kwenye siku: Delhi ya Kale asubuhi, bustani alasiri. Kati yake wale, wakae, wanywe maji. Kitakachozidi hapo ni cha siku nyingine.

Kabla ya kupanga saa, ipangwe siku. Jumatatu Ngome Nyekundu, ambayo wenyeji huiita Lal Qila, hufungwa, na makumbusho mengi pia. Ijumaa msikiti mkuu wa Jama Masjid hujaa waumini wa sala ya adhuhuri. Mwislamu anayetaka kusali humo atafurahi, bali anayekwenda kutazama tu na watoto wadogo atasukumwa. Jumapili maduka mengi ya Chandni Chowk na soko la viungo la Khari Baoli hayafunguliwi. Wenye kutaka kununua watasikitika, lakini kwa familia yenye watoto wadogo ndiyo siku bora kuliko zote. Magari hupungua na njia hupanuka, na wazazi wenye kupenda vitabu wanalo soko la Jumapili la vitabu vilivyokwisha kutumika, lile lililokuwa likipangwa kando ya barabara huko Daryaganj, ambalo mwaka 2019 lilihamishiwa uwanja wa Mahila Haat karibu na lango la Delhi Gate. Vitabu vya watoto huko hupatikana kwa bei ya kutupa, na baadhi ya wauzaji hupima kwa kilo. Kuna tarehe mbili za kuepuka pia. Januari 26 ni Siku ya Jamhuri, na Agosti 15 ni Siku ya Uhuru, ambapo waziri mkuu huhutubia taifa kutoka juu ya kuta za Ngome Nyekundu. Siku kadhaa kabla yake ngome hufungwa na mitaa ya jirani huzungushiwa vizuizi.

Majira nayo yana neno. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na upepo unaovuma ni kama umetoka jikoni. Julai mpaka Septemba ni mvua za masika yao. Baridi ya Desemba na Januari huwashangaza watu wa pwani, kwani usiku nyuzi hushuka chini ya 10, na nyumba nyingi za kupanga hazina kipasha joto. Zaidi ya baridi, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Januari hewa ya Delhi huwa miongoni mwa hewa chafu zaidi duniani. Moshi wa magari na viwanda, wa fataki za Diwali na wa mabua yanayochomwa mashambani Punjab na Haryana hutuama juu ya mji, maana hewa baridi haipandi. Mwenye mtoto wa pumu aangalie kipimo cha ubora wa hewa kwenye simu kabla ya kufungua mlango. Kikisoma zaidi ya 300, siku hiyo ni ya kukaa ndani, tiketi iwe imenunuliwa au la. Februari na Machi ndiyo miezi ya kusifiwa.

Usafiri wa asubuhi uwe metro. Ilianza kubeba abiria Desemba 2002, na leo ni mahali pa kwanza mgeni anapoona Delhi iliyo na mpangilio: vituo safi, treni za kiyoyozi, nauli ndogo, na mtoto aliye chini ya sentimita 90 hupanda bure. Kila mkoba hupita kwenye mashine ya ukaguzi, na wanawake wana foleni yao ya kupekuliwa, kwa hiyo familia ipatane nani anashika mkoba wenye pesa upande wa pili wa mashine. Behewa la kwanza ni la wanawake. Mama na bibi wanaweza kulipanda na watoto wadogo, baba akapanda la nyuma yake, ila wakubaliane kwa sauti kabla milango haijafungwa: tunashuka Jama Masjid, tunangojana jukwaani, hakuna atakayetangulia ngazi. Njia ya zambarau ndiyo inayosimama Jama Masjid na kituo kinachofuata cha Lal Quila, penye ngome.

Kigari cha kusukuma mtoto kibaki hotelini. Vichochoro vya Delhi ya Kale havina kipande cha mita 20 kisicho na shimo, ngazi, kinyesi cha ng'ombe au pikipiki iliyoegeshwa. Mbeleko hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na wanawake wa Kihindi watamsimamisha mama kumuuliza imefungwaje. Kanga mbili mkobani zinafaa kwa mengi: moja ya kubebea, nyingine ya kujitanda msikitini, kufunika kichwa kwenye hekalu la Masingasinga, kutandika bustanini na kumfunika aliyelala garini jioni.

Jama Masjid ndio mahali pa kuanzia. Ulijengwa na Shah Jahan, mfalme yuleyule wa Taj Mahal, na ukakamilika mwaka 1656, wakati mji huu mzima ulikuwa mpya na ukiitwa Shahjahanabad. Unapandiwa kwa ngazi pana za jiwe jekundu kutoka pande tatu, na ua wake unachukua waumini wapatao 25,000. Mtoto aliyeambiwa "usikimbie" tangu atoke hotelini atapata hapa pa kunyoosha miguu, na njiwa wa kuwatazama. Viatu huvuliwa mlangoni. Mgeni mwerevu huvitia kwenye mfuko wa plastiki na kuvibeba mwenyewe, akaepuka mjadala wa malipo wakati wa kutoka, na huvaa soksi, kwani mawe ya ua huchoma kuanzia saa nne. Kuingia kusali ni bure. Wanaokuja kutalii na kamera au simu hutozwa ada ya picha, na asiyetaka kulipa aseme mapema na kuweka simu ndani. Nyakati za sala wasio Waislamu hutakiwa kutoka.

Ngazi za upande wa kusini humwaga watu kwenye kichochoro cha Matia Mahal, mtaa wa nyama. Wakazi hapa hupata kifungua kinywa cha nihari, mchuzi mzito wa nyama uliochemka usiku kucha, kwa mikate ya tanuri. Kwa bibi aliyezoea supu ya asubuhi hakuna la kumfundisha. Mkahawa wa Karim's, uliofunguliwa mwaka 1913, umejificha kwenye kijiua ndani ya mtaa huo, na chakula cha huko ni halali. Watoto waagiziwe mkate na kebabu zisizo na pilipili nyingi, na muuzaji aambiwe hivyo mara mbili, kwa maana "pilipili kidogo" ya Delhi na ya Tanga ni vitu viwili mbalimbali.

Wapenda historia wakitembea kuelekea lango la Turkman wataona jambo linalowahusu. Ndani ya mtaa wa Bulbuli Khana, katika uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba za watu, pana makaburi mawili ya mawe yasiyo na kuba. Moja hutajwa kuwa la Razia, mwanamke aliyekalia kiti cha usultani wa Delhi kuanzia 1236 hadi 1240. Moja ya sababu ambazo masheha wa Kituruki walizitoa kumpinga ni kwamba alimpandisha cheo Jamal ud-Din Yaqut, Mhabeshi, akamfanya msimamizi wa mazizi ya farasi wa kifalme. Habari ya Mwafrika mwenye cheo Delhi karne ya 13 huwashtua hata wenyeji wa mtaa wa pili. Kupafikia ni kwa kuulizauliza, na vichochoro ni vyembamba mno. Wenye watoto wachovu wapaache.

Kutoka msikitini hadi Chandni Chowk familia ipande riksho ya baiskeli. Bei isemwe kwa vidole na kuthibitishwa kwa mdomo kabla ya kupanda: ni ya riksho nzima au ya kila kichwa, ni ya kwenda tu au na kurudi. Riksho moja hubeba watu wazima wawili na mtoto wa kupakatwa. Watu wanne wapande mbili, na mzazi mmoja awe kwenye kila moja. Dereva atapendekeza kusimama kwa "binamu" yake anayeuza viungo au shali, ambako hupata kamisheni. Kukataa kwa tabasamu kunatosha. Barabara yenyewe ya Chandni Chowk, kipande cha zaidi ya kilomita moja kutoka ngomeni hadi msikiti wa Fatehpuri, ilitengenezwa upya na kufunguliwa Septemba 2021, na kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tatu usiku magari ya injini hayaruhusiwi. Riksho ndizo zenye njia, na nyingine ni za betri, kimya kabisa, hazisikiki zikija nyuma ya mtoto.

Sasa ndipo mahali pa kuwapeleka watoto hata kama mengine yote yataachwa. Ng'ambo ya ngome lipo hekalu jekundu la Majaini, Digambar Lal Mandir, na kwenye eneo lake ipo hospitali ya ndege. Majaini hawaui kiumbe, na hapa imani hiyo ina wodi. Njiwa kwa mamia wamepangwa kwenye vizimba ghorofani, wengine wamefungwa bendeji bawani, wengine mguu umefungiwa kijiti, na kasuku aliyepona anapiga kelele kama mwenye nyumba. Watu huja na boksi la viatu mikononi. Ndani yake ndege waliyemwokota. Matibabu ni bure, na kuna kisanduku cha sadaka. Majeruhi huongezeka kuelekea Agosti 15, msimu wa kurusha tiara, kwa sababu ya uzi uliopakwa unga wa kioo ambao washindani huutumia kukata nyuzi za wenzao, na huishia kukata mabawa. Mwewe na jamaa zake, kwa kuwa hula nyama, hutibiwa na kuondoka bila kulazwa. Mtoto wa miaka minane atasimulia habari hii shuleni muda mrefu baada ya kumsahau Shah Jahan. Kwenye hekalu lenyewe ngozi hairuhusiwi, kwa hiyo mikanda na pochi za ngozi huachwa nje. Asiyetaka usumbufu huo aende kwa ndege moja kwa moja.

Je, Ngome Nyekundu iingiwe? Wengi watalaumu, lakini kwa watoto walio chini ya miaka kumi kuta zake zinatosha kutazamwa kwa nje. Ngome ilimalizika mwaka 1648, na kuta zake nyekundu zenye lango la Lahori ndizo zinazostaajabisha. Ndani, mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi alikichukua kiti cha enzi cha Tausi pamoja na hazina, na baada ya maasi ya 1857 Waingereza walibomoa sehemu kubwa ya majumba ya kifalme na kujenga kambi za askari. Yaliyobaki, kumbi za marumaru zilizotawanyika kwenye majani, yanamtaka mtazamaji ayajue yaliyokuwapo. Kijana wa sekondari anayesoma historia apelekwe, saa tatu na nusu lango linapofunguliwa. Wageni hulipa zaidi ya raia wa India kwenye majengo haya ya serikali, kiasi cha rupia mia tano na kitu kwa majengo makubwa, na watoto walio chini ya miaka 15 hawalipi. Picha ya pasipoti ya mtoto iwe kwenye simu, maana kijana mrefu wa miaka 14 huulizwa.

Zalabia zinauzwa kwenye kona ya mtaa wa vito vya fedha wa Dariba, nene kuliko za Mombasa, zikitoka kwenye samli moja kwa moja hadi kwenye shira. Mbele kidogo, kichochoro cha Paranthe Wali Gali kina vioski vilivyorithiwa tangu karne ya 19, vinavyouza chapati za kujaza: viazi, njegere, koliflawa, ndizi, hata limau. Hakuna nyama wala kitunguu. Mpishi hukaa mbele ya karai juu ya jukwaa, huifinyanga chapati, huitumbukiza, huigeuza kwa kijiko kirefu na kuitupa kwenye sahani ikiwa bado inatoa povu. Chakula kilichotoka motoni mbele ya macho ni salama kuliko saladi ya hoteli ya nyota tano iliyokatwa saa tatu zilizopita. Kinachowaangusha wageni ni maji: ya bomba, ya barafu, yaliyooshea kachumbari, yaliyochanganywa kwenye juisi. Chupa ifunguliwe na mnunuzi mwenyewe baada ya kuhakikisha kizibo hakijakatwa. Pakiti tatu za ORS mkobani hazina uzito.

Khari Baoli, mwisho wa mtaa, huhesabiwa kuwa soko la jumla la viungo kubwa kuliko yote Asia. Magunia ya manjano, iliki, tangawizi kavu na pilipili yamerundikwa mpaka barabarani, na karafuu zipo, bidhaa ambayo India imekuwa ikiinunua Zanzibar tangu enzi za majahazi. Bibi wa Pemba atazipima kwa pua na kutoa hukumu. Ila vumbi la pilipili huwakohoza hata wapagazi. Mtoto mdogo asiingizwe.

Vyoo ni swali ambalo vitabu vya watalii hulipita mbio. Vituo vya metro vingi vinavyo, majengo ya kihistoria yenye tiketi yanavyo, na mtandao wa vyoo vya kulipia vya Sulabh umeenea mjini. Kila kinapoonekana choo kisafi, watoto wote waende, wenye haja na wasio na haja. Karatasi na sabuni vibebwe.

Pesa ziwe noti ndogo. Wahindi hulipa hata karanga kwa kuelekeza simu kwenye mraba uliobandikwa kibandani, lakini mfumo huo kwa kawaida unategemea akaunti za benki za huko, na mgeni mara nyingi hubaki na noti. Noti ya rupia 500 kwa chai ya rupia 20 huzaa safari ya kutafuta chenji. Iliyochanika hukataliwa, na mwenye kuipokea bila kuitazama ndiye atakayebaki nayo. Ujanja wa Delhi nao ni wa kizamani na unajulikana: mtu nadhifu, Kiingereza safi, anasema ngome imefungwa leo, kuna maandamano, yeye anajua ofisi ya utalii ya serikali iliyo karibu. Ofisi hiyo si ya serikali. Wapiga debe hao huwa wengi karibu na stesheni ya reli ya New Delhi. Jibu ni kuendelea kutembea. Bajaji za kijani na njano zina mita ambazo madereva hawapendi kuziwasha. Njia rahisi ni kuangalia kwanza bei ya teksi ya programu kwa safari ileile, kisha kupatana chini yake kidogo.

Lipo jambo lingine ambalo familia ya Kiafrika itakutana nalo na ni vizuri watoto waambiwe mapema. Watatazamwa. Nywele za msichana zitaguswa bila ruhusa, na makundi ya vijana yataomba picha, mengine kwa heshima, mengine kwa kurekodi tu. Mwaka 2016, baada ya raia wa Kongo kuuawa kwa kipigo mjini Delhi, mabalozi wa Afrika walilalamika hadharani kuhusu ubaguzi, na wanafunzi wa Kiafrika wanaoishi huko wana mengi ya kusimulia kuhusu wenye nyumba wanaowakataa. Mchana, kwenye maeneo ya watalii, mengi huishia kwenye udadisi unaochosha. Mzazi ana haki ya kusema hapana kwa sauti na kusimama kati ya mtoto na kamera. Mtoto naye aambiwe kwamba hadaiwi picha na mtu yeyote.

Namba ya mzazi iandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wa mtoto, pamoja na kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kihindi, ambayo mapokezi huiandika wakiombwa. Dharura ni 112. Namba 1363 ni ya watalii, hupokelewa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kifaransa miongoni mwa lugha nyingine, na ndugu wa Kongo watafaidika hapo. Mbwa wa mitaani na nyani wasichezewe. Akiumwa mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Saa saba mchana familia iwe imekwisha kutoka Delhi ya Kale. Metro ileile ya zambarau huenda kusini hadi JLN Stadium, na kutoka hapo bajaji hufika kwenye kaburi la mfalme Humayun kwa muda mfupi. Likiwa limejengwa kuanzia miaka ya 1560 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1570 kwa agizo la mjane wake, Bega Begum, ndilo kaburi kubwa la kwanza la bustani la wafalme wa Mughal, na wasanifu wa Taj Mahal walijifunza hapa. Ndani na kandokando yake wamezikwa watu zaidi ya 100 wa ukoo huo. Septemba 1857 mfalme wa mwisho, Bahadur Shah Zafar, alijificha hapa na kukamatwa na Waingereza, akapelekwa uhamishoni Rangoon. Watoto watapenda zaidi mifereji ya maji iliyokatiza majani na ukweli kwamba hakuna riksho.

Ukarabati uliomalizika mwaka 2013 ulifanywa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, walewale waliokarabati bustani ya Forodhani mjini Zanzibar na kuifungua upya mwaka 2009. Waashi wa jadi walibandua saruji iliyopakwa karne ya 20 na kurudisha chokaa, kazi ambayo mafundi wa Lamu wanaielewa bila mkalimani. Jirani yake, Sunder Nursery iliyofunguliwa upya mwaka 2018, ni bustani ya ekari zipatazo 90 yenye miti mikubwa, mabwawa na makaburi madogo ya kale. Hapa kanga hutandikwa, bibi hulala nusu saa, na baba aliyebeba mtoto tangu asubuhi hupumzisha mgongo. Makumbusho ya chini ya ardhi yaliyofunguliwa Julai 2024 huunganisha sehemu hizo mbili na yana kiyoyozi, sababu tosha ya kuingia mwezi Mei.

Jioni isiwe ya metro kwa siku za kazi. Kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku kituo cha kubadilishia treni cha Rajiv Chowk huminya watu vibaya, na mtoto aliyesinzia begani si wa kupitishwa pale. Teksi ya programu iitwe kwenye lango la bustani kabla jua halijazama, wakati kila mtu bado hajaiita ya kwake.

Ikibaki siku ya pili, iwe ya Qutb, mnara wa mita 72.5 ulioanzwa mwishoni mwa karne ya 12. Ibn Battuta, aliyeiona Kilwa mwaka 1331, alifika Delhi miaka michache baadaye, akafanywa kadhi na Sultani Muhammad bin Tughluq, na aliusifu mnara huo pamoja na nguzo ya chuma iliyo uani, ambayo hadi leo haijaliwa na kutu. Kupanda ndani hakuruhusiwi tangu watu walipokanyagana gizani humo Desemba 1981, wengi wa waliokufa wakiwa wanafunzi. Lango hufunguliwa asubuhi mapema, hata Jumatatu, na kituo cha metro cha Qutab Minar kiko kwenye njia ya manjano. Kutoka hapo ni bajaji fupi, na bei ipatanwe kabla ya kupanda.